Kikaratasi Chini ya Pazia

Sauti ni ya Mbwarali, maneno ni yangu.
Jomvu Kuu nzima hawalijui hilo,
nami mwaka wa sita huu sijalisema.
Yeye ana koo la kuadhini, mimi nina kalamu.
Macho yake yameingia ukungu,
kwa hivyo naandika herufi kubwa, za chekechea,
nakitelezesha kikaratasi chini ya pazia la wanawake
na ninachokiona ni vidole tu, vikikiokota.

Kisha spika ya paani: krrr,
kikohozi, bismillahi,
halafu mimi.

"Chanjo ya surua ni Jumatano, zahanati.
Mwenye mtoto asimngoje mwenzake."
"Mbuzi mweusi wa Mama Dama, sikio lina pengo.
Aliyemwona amrudishe, hata kama kisu kishanolewa."
Mama Dama hasali nasi, kanisa lake li ng'ambo ya barabara,
lakini spika haimuulizi mtu dini,
na mbuzi alirudi kabla ya alasiri.

Niliandika usiku wa kipindupindu:
chemsheni maji, chemsheni, chemsheni,
mara tatu, kama talaka isiyo na rejea.
Kulipokucha kila ua ulikuwa ukifuka moshi
na hakuna aliyejua amri ile imetoka mkono gani.

Ikaja habari ya pampu.
Tulichanga mia mia kila mlango,
na ufunguo wa mkebe akapewa Nasoro,
nduu yangu, ziwa moja.
Kamati ikasema: hesabu isomwe Ijumaa, yote, kwa spika,
asije mtu akadai hakusikia.
Nikaletewa risiti ndani ya mfuko wa sukari.
Nikajumlisha. Nikajumlisha tena, kutoka chini kwenda juu.
Elfu kumi na nane na mia nne
hazikukaa popote.

Usiku ule mama alinipakulia wali,
akaniwekea paja la kuku, paja la Nasoro siku zote.
Nikajua anajua.
Nyumba ikitaka unyamaze haikuambii;
inakupakulia.

Ijumaa. Feni inalipeperusha pazia.
Mbwarali akasoma: saruji, mabomba, fundi, chai ya fundi,
kwa sauti ileile ya mbuzi na surua,
akafika mstari wa mwisho
akanyamaza.

Spika i wazi. Mtaa mzima unamsikia akipumua.
Muuza mahamri amesimama, upawa hewani, mafuta yanadondoka.
Mama Dama kazima redio.
Angeweza kuuruka mstari ule; mtu wa macho mabovu,
nani angemlaumu?
Nami nimekitazama kidole changu cha mguu,
naomba auruke, naomba asiuruke,
dua mbili kwenye ulimi mmoja.

"Elfu kumi na nane na mia nne," akasema,
"zimepotea. Aliyeziona azirudishe."

Hayo ya kurudisha sikuyaandika mimi.
Aliyaazima kwa mbuzi.

Jumamosi, kabla jua halijatoka, mkebe ulikutwa mlangoni pa msikiti
umefungwa kwa leso ya mama yangu.
Elfu kumi na tano.
Nasoro hanisemeshi. Tukikutana uchochoroni
huniamkua ukuta.

Pampu inanguruma sasa, maji yana chumvi kidogo,
chai yake lazima uizoee.
Na juzi, chini ya pazia, vile vidole
vilisukuma kikaratasi kuja upande wangu, kitupu,
kina ujumbe mmoja tu wa mkono unaotetemeka:
*Wanauliza mwandishi ni nani.*

Nikakigeuza. Nikaandika, herufi kubwa:
"Maji yatafunguliwa saa kumi na moja alfajiri.
Njooni na ndoo zenye vifuniko.
Deni lililobaki ni elfu tatu na mia nne.
Atalilipa mwandishi wa matangazo haya,
Mwanatumu binti Hamisi."

Nikakisukuma.
Nikakaa, nikangoja paa likohoe.